Maneno ya Elimu Isiyo na Mwisho

Maneno ya lugha ngeni humfikia mwanafunzi kwa njia mbili. Yako yanayofika yameshikana mkono na vitu vyake, kama mgeni aletwaye nyumbani na rafiki wa siku nyingi. Na yako yanayofika peke yake, bila mtu wa kuyajulisha kwa wenyeji. Ya kwanza hukaribishwa, yakaketi, yakazoeana na wenye nyumba, na mwisho yakawa watu wa nyumbani. Ya pili hulala ukumbini usiku mmoja, na alfajiri yamekwisha kwenda zake. Kila aliyepata kujifunza lugha asiyozaliwa nayo ameyaona makundi haya mawili, na kila aliyepata kuifundisha ametambua kuwa taabu yake kubwa haikuwa kuyatoa maneno, bali kuyafanya yakae.

Nataka kunena habari ya kundi moja la maneno ya Kiingereza ambayo wanafunzi wa sekondari hupewa kuyajua. Ni maneno ya elimu ya maisha, yaani elimu aipatayo mtu tangu utoto hata uzee, shuleni na nje ya shule, ambayo kwa Kiingereza huitwa "lifelong learning". Somo hilo huja na orodha yake: udadisi, ujuzi, nidhamu ya nafsi, shahada, kuhitimu, kuacha shule katikati, kwenda sambamba na wakati. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na pengine atatokea msomaji wa kuuliza mwalimu wa Kiswahili ana haki gani katika jambo la Kiingereza. Haki yangu ni hii: neno geni haliingii katika kichwa kitupu. Huingia katika kichwa ambacho tayari kina lugha, na lugha hiyo ndiyo inayolipokea mlangoni. Kama mwenyeji hajui nyumbani mwake mna nini, atawezaje kumwonyesha mgeni pa kukaa?

Kwetu Tanzania jambo hili lina uzito wa peke yake. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Mtoto huhesabu, huuliza na hukosolewa kwa Kiswahili miaka yote ya shule hiyo. Kisha huingia kidato cha kwanza, na masomo yake karibu yote hugeuka Kiingereza. Maneno humwangukia kama mvua ya masika juu ya paa la makuti. Hana nafasi ya kuyajua yote kwa undani, basi huyakariri. Na anayakariri kwa sababu mtihani wa kidato cha nne unamngojea mwezi wa Novemba. Hapo ndipo naona jambo la ajabu na la kuhuzunisha: maneno ya elimu isiyo na mwisho hujifunzwa kwa ajili ya siku moja, na jua la siku hiyo likichwa, elimu nayo imekuchwa.

Binti wa dada yangu, aliye kidato cha nne, alikaa kwangu wakati wa likizo. Alikuwa na daftari ambalo kila ukurasa wake umegawanywa kwa mstari wa katikati, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Jioni moja aliniletea daftari lake akasema, "Mjomba, nisikilize." Nikawa namtajia neno la kushoto, naye ananijibu la kulia. Hakukosa hata moja. Nilipomwuliza atayatumia lini maneno hayo, alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji yatanywewa lini.

"Katika mtihani, mjomba."

"Na baada ya mtihani?"

"Baada ya mtihani nitakuwa nimemaliza kusoma."

Jibu hilo lilikuwa Kiswahili safi, nami sikumlaumu, maana halikutoka kwake peke yake. Tunalo sote. Kitenzi chetu "kusoma" kinafanya kazi ambazo Kiingereza kimezigawia vitenzi viwili, "read" na "study". Mzee aliyeshika gazeti barazani anasoma; kijana aendaye shule kila asubuhi anasoma; mtu aliye chuo kikuu mwaka wa tatu anasoma. Basi tunaposema juu ya kijana aliyetoka shuleni kuwa amemaliza kusoma, tumesema bila kukusudia kuwa amemalizana na vitabu pia. Na vijana wengi hulitimiza neno hilo kama lilivyo. Sisemi kuwa kitenzi ndicho kinachofunga vitabu. Bei ya vitabu ina sehemu yake, na uhaba wa maktaba una sehemu yake. Lakini mtu asiyejua kuwa lugha yake imemwekea mlango hapo hawezi kuamua kama aufunge au auache wazi. Mwanafunzi anayejifunza kutenga "read" na "study" amepata zaidi ya maneno mawili ya Kiingereza. Amepata kuona kuwa shule yaweza kwisha na kusoma kusiishe.

Tukaliendea neno "learn". Alikuwa ameandika "kujifunza", na ndivyo hasa. Nikamwomba alivunje neno hilo vipande. Akalivunja: "ku", "ji", "funza". Kufunza ni kufundisha. "Ji" ni nafsi inayojirudia yenyewe. Basi Mswahili hana njia ya kusema kuwa amejifunza bila kusema kuwa amejifundisha mwenyewe. Kiingereza kikitaka kumtaja mtu ajiongozaye katika elimu yake hulazimika kuunganisha maneno mawili matatu. Kiswahili kimelitia jambo hilo tumboni mwa kitenzi, na kila siku tunalipita bila kuliona. Shina hilo ndilo limetupa "fundi", na ndilo litumikalo mwali anapofundwa na kungwi. Tena mwenye kujifunza tunamwita mwanafunzi, na mwenye elimu nyingi, hata awe na mvi, watu wa pwani humwita mwanachuoni. Wote wawili ni "mwana". Lugha yetu haikutaka kumpa mjuzi jina la baba wa elimu. Imemwacha mtoto wake mpaka kaburini.

Neno la tatu lilikuwa "degree", na la nne "graduate". Maneno hayo ni ndugu. Yametoka katika neno la Kilatini lenye maana ya hatua au kipandio. Kwa asili yake basi, mwenye kupata shahada kwa Kiingereza amepanda kipandio kimoja, na kipandio kina maana tu iwapo kuna kingine juu yake. Sisi tumechukua njia nyingine. "Shahada" ni neno la Kiarabu, nalo ni ushahidi. Ni neno zuri, lakini lina tahadhari yake: shahidi husema aliyoyaona jana, wala hakuna baraza linalokubali ushahidi wa kesho. Cheti kinashuhudia kuwa mtu alijua. Kama angali anajua, au ameongeza, cheti kimenyamaza. Na "kuhitimu" ni neno lenye kutia mhuri na kufunga. Limetoka katika shina lile lile la Kiarabu lililotupa "hitimisho" la insha, na "hitima" isomwayo kwa ajili ya marehemu.

Binti alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe mjomba, mahafali ni matanga?"

Nilicheka, nikamwambia hasha. Katika chuo cha Kurani mtoto aliyehitimu amefika sura ya mwisho, na watu wake wamefurahi. Lakini iko desturi njema miongoni mwa wasomaji kwamba aliyefika sura ya mwisho huanza tena papo hapo kwa Al-Fatiha, asije akaacha kitabu kikiwa kimefungwa. Mhuri ule si wa kaburi; ni wa barua iliyokwisha kuandikwa ili nyingine ianzwe. Na watu wa Marekani nao, ambao Kiingereza ni chao, sherehe ya kuhitimu huiita "commencement", yaani mwanzo. Lugha mbili zilizo mbali hivi zimekutana katika jambo moja.

Mwisho tulifika kwenye "curiosity", naye ameandika "udadisi". Hapa palitaka uangalifu. Kwa Kiingereza cha leo neno hilo ni sifa, na vitabu vya shule hulitaja kama mzizi wa elimu yote. Kwa Kiswahili mdadisi si mtu anayesifiwa kila mara. Mtoto mdadisi huambiwa anyamaze, aache kuchokonoa mambo ya wakubwa. Asidhani lakini kuwa Ulaya waliliheshimu neno hilo tangu zamani. Mtakatifu Augustino aliihesabu tamaa ya kujua kila kitu miongoni mwa vishawishi vya nafsi, na ilipita miaka mingi kabla neno hilo halijasafika. Shina lake la Kilatini ni kujali au kutunza. Basi udadisi unaosifiwa si kuchungulia nyumba za watu, bali kulijali jambo kiasi cha kutoweza kuliacha bila kulijua. Mtoto akipewa tofauti hiyo, atalijua neno la Kiingereza, na atalisafisha na la Kiswahili.

Hayo yote ni kazi ya jioni tatu juu ya kibaraza, na ni kazi ya furaha. Lakini fasiri ya neno si uhai wa neno. Neno huishi kwa kutumika, na juu ya hilo mwalimu wangu wa kwanza hakuwa mtu wa chuo kikuu.

Bibi yangu mzaa mama aliishi kusini ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya pamba. Lugha yake ilikuwa Kisukuma. Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya pili, kama Kiingereza kilivyo kwa wanafunzi wetu. Kati ya mwaka 1968 na 1972 serikali na UNESCO ziliendesha katika mikoa ya ziwa mpango ulioitwa kisomo chenye manufaa. Vitabu vyake vya kusomea havikuanza na habari za mbali. Kimoja kilihusu kilimo cha pamba, kingine migomba, kingine uvuvi, kingine ng'ombe, kingine mambo ya nyumbani. Bibi aliingia darasani akiwa na watoto wakubwa. Alikwenda alasiri akitoka shamba, udongo ungali miguuni, na watoto wa njiani wakimcheka kwa jina walilopewa watu wazima wa namna yake: ngumbaru. Alikuwa akipenda kusema kuwa neno la kwanza alilolisoma duniani lilikuwa "pamba", na kwamba alilisoma mchana akaliona jioni, maana lilikuwa limejaa shambani kwake.

Faida ya neno hilo ilionekana siku ya mauzo. Zamani karani alitaja kilo, na mkulima alipokea kilichotajwa. Msimu wa kwanza bibi alipojua tarakimu, alisimama mbele ya mizani akazisoma kilo zake kwa sauti kabla karani hajafungua kinywa. Alisema kuwa tangu siku hiyo karani yule alimwita mama. Sijui njia fupi zaidi ya kueleza manufaa ya elimu ya mtu mzima.

Bibi hakuwa peke yake. Usiku wa kuukaribisha mwaka 1970 Rais Julius Nyerere aliutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni kubwa ikafuata. Mwaka 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1986 hesabu za serikali zilitaja chini ya watu 10 katika kila 100. Palikuwa hata na gazeti la vijijini lililochapishwa Mwanza, jina lake Elimu Haina Mwisho. Lakini miaka ya 1980 ilikuja na dhiki ya uchumi. Karatasi ikawa adimu, magazeti ya vijijini yakafifia, madarasa yakapungua. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa zaidi ya mtu 1 katika kila 5 wenye umri wa miaka 15 na zaidi hajui kusoma wala kuandika. Hata tukikumbuka kuwa vipimo viwili hivyo si vya namna moja, somo lake ni dhahiri. Ujinga ni kama magugu: palizi ya jana haizuii mbegu ya leo.

Nililiona hilo kwa macho yangu nilipokuwa mtoto. Majirani wawili wa bibi walioshinda mtihani wa kisomo pamoja naye walikuwa wamekwisha kusahau herufi. Bibi hakusahau, na sababu haikuwa akili kupita wenziwe. Aliomba dukani karatasi za magazeti zilizofungiwa sukari na chumvi, akazinyoosha kwa kiganja, akazisoma zikiwa na tarehe ya mwaka uliopita. Alisoma magunia, alisoma chupa za dawa, alisoma barua za watu wasiojua kusoma. Wenziwe walipata cheti; yeye alipata mazoea.

Hayo yalitukia wakati ambapo wataalamu wa dunia walikuwa wakilitafutia jambo hilo jina na nadharia. Mwingereza Basil Yeaxlee alitoa kitabu juu ya elimu ya maisha mwaka 1929. Tume ya UNESCO iliyoongozwa na Mfaransa Edgar Faure ilitoa taarifa yake mwaka 1972. Na mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliitia fursa ya kujifunza maisha yote katika malengo yake ya maendeleo. Siyataji haya ili tujivune kuwa tulitangulia, kwa kuwa aliyetangulia akalala hupitwa na aliyechelewa akatembea. Nayataja ili mwanafunzi wetu asidhani kuwa maneno yale ya Kiingereza ni habari ya watu wengine. Jambo lenyewe limekwisha kukaa nyumbani kwao, pengine limevaa khanga na kushika jembe. Kisichokuwapo ni mtu wa kulijulisha kwa jina lake jipya.

Basi ushauri wangu kwa walimu na wanafunzi ni wa namna tatu. Kwanza, neno la Kiingereza lianze kwa kuulizwa: katika Kiswahili linakaa na nani, na halikai na nani? Tofauti ikionekana, kumbukumbu imepata ndoano. Pili, kila neno lipewe mtu wa kulivaa. Asemapo mwalimu juu ya wanafunzi wazee, yuko Kimani Maruge wa Kenya, aliyejiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kufanywa bure nchini humo. Akakaa dawatini amevaa sare pamoja na watoto, na mwaka uliofuata akazungumza New York, kwenye Umoja wa Mataifa. Na kama Maruge yuko mbali, kila ukoo una bibi au babu, fundi wa cherehani au baharia, aliyejifunza jambo akiwa amekwisha komaa. Binti wa dada yangu aliandika habari za bibi kwa Kiingereza, kurasa mbili, akitumia maneno yake ishirini. Makosa ya sarufi yalikuwamo. Lakini neno "motivation", ambalo daftarini lilikuwa wino mtupu, sasa lilikuwa limesimama mbele ya mizani ya pamba.

Tatu, neno lirudiwe kwa vipindi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kuwa usahaulifu hukimbia sana mwanzoni, kisha hupunguza mwendo, na kwamba marudio yaliyotengwa kwa siku hushinda marudio yaliyorundikwa pamoja. Mwanafunzi anayekesha na orodha usiku wa kuamkia mtihani anajaza maji kikapuni; huenda akafika nayo mlangoni, lakini hatafika nayo nyumbani.

Wako watakaosema kuwa mtihani hauna huruma, na mwanafunzi hana wakati wa kukaa na neno moja jioni nzima. Neno hilo ni kweli, na mimi siudharau mtihani. Watoto wa maskini wamepita katika tundu lake wakaifikia nuru. Lakini haujapata kutokea mtihani ulioharibiwa na mtu aliyeelewa. Ulio hatarini hapa si alama; ni kijana atakayetoka shuleni akiwa na neno la elimu ya maisha kinywani, na maisha yake yote mbele yake bila elimu. Asiyefunzwa na mamaye, hufunzwa na ulimwengu. Nasi tunalitaja neno hilo kama kitisho. Ni kitisho kwa yule tu aliyeacha kujifunza. Kwa mwenye kuendelea, ulimwengu ni mwalimu kama walimu wengine, mkali kidogo, asiye na likizo.

Shahada niliyo nayo mimi huitwa kwa lugha yetu shahada ya uzamivu, na mzamivu ni mtu wa kupiga mbizi. Sikupata jina jingine la elimu lenye hekima kama hilo. Mpiga mbizi aliyetoka majini akakausha nguo, akaketi ufukoni kuwasimulia watu kina alichofika, ni msimulizi. Uzamivu wake umekwisha pale nguo zilipokauka. Bahari haikupungua kwa kuwa yeye ametoka. Kijana anayemaliza kidato cha nne amelowa miguu, mwenye shahada amelowa kifua, na daktari alipata kuzama mara moja. Wote watatu maji yangali mbele yao, na afadhali aliyelowa miguu akaendelea kwenda.